Hodi, D8010

Ojārs hakubisha hodi popote.
Katika mfumo wake wa zamani, ule wa skrini nyeusi,
programu iliishi peke yake, na funguo zote kiunoni:
ukitaka namba unanyoosha mkono, unaichota
palepale kwenye shaba, anwani D8010,
na kadi ya kupimia kina cha mto inakupa.
Mistari arobaini. Miaka ishirini na sita.
Daugava ikapanda, ikashuka, ikaganda,
na mistari arobaini ikasema kweli.

Sasa Ojārs amestaafu, anafuga nyuki,
nami nimepewa siku nne
niihamishie kazi yake kwenye mfumo mpya
kabla barafu haijapasuka.

Siku ya kwanza nilinyoosha mkono kama yeye.
Programu ikafa bila hata kukohoa.
Huku kila programu hupewa anwani za kubuni,
mtaa mzima wa ndoto wenye namba milangoni,
na D8010 yangu siyo D8010 ya shaba.
Anayejua ipi ni ipi ni kiini cha mfumo tu.
Yeye ndiye mwenye nyumba.

Nikapiga hodi.
"Hoja batili," akajibu, mkavu kama karani wa forodha.
Nikapiga tena. Hoja batili.
Usiku wa pili ndipo nilipoelewa: hafungui ufa,
anafungua ukurasa mzima,
baiti elfu nne na tisini na sita, kutoka mwanzo wake.
Omba D8000. Ukishaingia,
hesabu mwenyewe hatua kumi na sita.
(Mimi nilihesabu kumi. Uchovu.
Kumi ya mashine ni kumi na sita ya vidole.)

Siku ya tatu, karibu.
Namba ikaja, kubwa ajabu, ikaketi.
Saa nzima ileile.
Nikauacha kwanza ukubwa wake, nikashughulikia ukaidi.
Kumbe kompaila, mwerevu kupita kiasi,
alipitia msimbo wangu akaona hakuna anayeandika mahali pale;
ya nini kusoma mara mbili?
Akasoma mara moja, akakariri.
Hakujua kwamba yupo mwandishi asiye kwenye msimbo:
theluji inayoyeyuka huko juu, ng'ambo ya mpaka,
anayeandika bila kuomba ruhusa ya mtu.
Nikaongeza neno moja la kumwambia:
hii hubadilika yenyewe, usiamini unachokumbuka,
kila mara nenda kaangalie.
Ningelijua neno hilo mapema
ningelibandika kwenye ndoa yangu ya kwanza.

Namba ikaanza kutembea.
Elfu hamsini na mbili, mia tisa tisini na mbili.
Sentimita.
Yaani mto umefika karibu mita mia tano na thelathini,
mnara wa kanisa uko chini kabisa
na samaki ndio wanaopiga kengele.

Nikarudi kwa mistari ya Ojārs, kichwa chini.
Wa thelathini na moja: unabadilishana baiti mbili,
ya kushoto kulia, ya kulia kushoto,
bila neno la maelezo.
Nilikuwa nimeuacha nyuma kama vumbi la kuhama.
Kadi hutamka kinyume. Yeye alijua.
Hakumwambia mtu,
au labda hakuna aliyeuliza.

Saa tisa usiku Dzidra alishuka ukingoni na tochi,
hadi kwenye jiwe lenye vipimo vya rangi nyeupe.
Akanipigia simu, meno yakigongana:
"Mia mbili na kumi na moja.
Subiri. Na mbili."
Skrini ilikuwa imesema 211.
Sikupumua.
212.
Nyuma ya sauti yake kitu kikubwa kilikwaruza kitu kikubwa.
"Nipande sasa?"
"Panda, Dzidra. Panda haraka."

Kukicha nitampigia Ojārs.
Nitamuuliza kuhusu mstari wa thelathini na moja,
kisha bei ya asali.